Keja ya mji, dala ya babu

Wasee, kila mwisho wa mwezi nikituma kodi ya bedsita yangu hapa Nyalenda, namkumbuka babu. Alifanya kazi ya reli miaka mingi, akaishi kwa nyumba za reli, na siku aliyostaafu akarudisha funguo akaenda zake Seme. Hakulalamika. Mimi nilidhani ni bahati mbaya yake tu. Kumbe ulikuwa mpango.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na hapa pakaitwa Port Florence, jina la mke wa Ronald Preston, injinia wa reli. Mji ukagawanywa kwa rangi. Wazungu wakachukua mlima wenye upepo, ndio Milimani ya leo. Wahindi wakakaa karibu na maduka. Mwafrika alihesabiwa kama mfanyakazi wa kupita. Kuanzia 1920 mwanamume alitembea na kipande shingoni kikionyesha ameajiriwa na nani. Kazi ikiisha, rudi kwenu. Ndio maana alipewa chumba cha kulala, si nyumba ya kulea familia. Utamuuziaje nyumba mtu unayetaka aondoke?

Waliokosa chumba walijibanza nje ya mpaka, Nyalenda na Manyatta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka ukasongezwa, mitaa hiyo ikawa mji. Ardhi ilikuwa na wenyewe, na wengi wao wakajenga vyumba vya kupangisha. Ndizo hizi ploti zetu.

Lakini babu alikuwa na kitu mimi sina: dala. Alivumilia keja ya wenyewe kwa sababu shamba lilimngoja. Shamba hilo waligawana wanawe watano. Kipande cha baba sasa tunakiangalia ndugu wanne. Changu kitatosha simba na mistari miwili ya sukuma. Nikizeeka, nirudishe funguo niende wapi?

Sasa gava inajenga. Sheria ya nyumba nafuu ya 2024 inamkata mwenye mshahara asilimia 1.5, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Hata sisi tusio na mshahara, kipato chetu kimeguswa. Sipingi ghorofa. Ila niliacha chuo, pesa yangu huja mwezi huu, mwezi ujao haiji. Kama nyumba ni za wenye mshahara pekee, basi mimi bado ni mtu wa kupita, mjini nilikozaliwa.

Niambie, kwenu dala imebaki kiasi gani?