Msonyo: Kutoka Uasin Gishu hata Visiwa vya Karibi

Mjini Eldoret, katika uwanda wa juu wa Uasin Gishu, pana mtaa uitwao West Indies. Visiwa vyenye jina hilo viko ng'ambo ya Atlantiki. Hata hivyo, mkazi wa mtaa huo akifika Jamaica leo, kabla hajazoea lafudhi ya wenyeji, liko jambo moja atakalolitambua papo hapo: msonyo.

Kusonya, au kufyonya kama wasemavyo wengine, ni kuvuta hewa kati ya meno na midomo mpaka itoe sauti ya kuudhika au dharau. Vitenzi vyote viwili vimo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981). Mtoto amsonyaye mzazi huhesabiwa kuwa ametukana, ijapokuwa hakutamka neno.

Huko Karibi kitendo hicho huitwa kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kunyonya meno. Kwa kuwa maneno ni ya Kiingereza, ilikuwa rahisi kudhani kwamba na desturi yenyewe ni ya huko. Mwaka 1976 John na Angela Rickford walilichunguza jambo hilo pamoja na lile jicho la pembeni la chuki. Waliwahoji watu wa Karibi, Wamarekani weusi na weupe, na wasemaji wa lugha kadhaa za Kiafrika. Wamarekani weusi waliifahamu ishara hiyo. Weupe walio wengi hawakuijua. Vazi lilikuwa la Kiingereza, mwili wa Kiafrika.

Hapa yafaa tahadhari. Waliouzwa utumwani Karibi walitoka hasa Afrika ya Magharibi na sehemu za Kongo na Angola, si pwani ya Waswahili. Msonyo wa Eldoret, basi, si mzazi wa ule wa Jamaica. Labda ni ndugu yake. Lakini undugu huo una uzito wake: katika mashamba ya miwa lugha za wazee zilififia kizazi baada ya kizazi, na mwendo huu mdogo wa kinywa ukabaki.

Wanaisimu wa Kiswahili walichelewa kuutazama mwili. Carol Eastman na Yahya Ali Omar walichapisha uchunguzi wao wa ishara za Waswahili mwaka 1985, wakizigawa katika vielezi na viingizi. Wao walishughulikia pwani. Eldoret, ambako Mnandi, Mluyia, Mjaluo na Mkikuyu hukutana kwa Kiswahili sokoni, bado yafaa kuulizwa: je, wote husikia tusi lile lile?