Mawakili wa Moshi na kesi ya ardhi ya Wameru

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na tangu hapo mji ukawa wa kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga walianzisha chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU, uliokusanya kahawa ya wakulima wadogo wa mlimani na kuiuza kwa pamoja. Penye soko pana mikataba, na penye mikataba pana ugomvi: wa mizani, wa mikopo, wa viwanja, wa mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Mji wa namna hiyo hauishi bila wakili.

Lakini kwa Mwafrika wa Tanganyika wakili alikuwa mtu wa mbali. Kesi zake nyingi zilisikilizwa katika mahakama za wenyeji, na sheria ya kikoloni iliwakataza mawakili kusimama humo. Alimhitaji wakili shauri lake lilipopanda kwenye mahakama za serikali, au alipotaka kushindana na serikali yenyewe. Hili la pili ndilo lililoifikisha Moshi mbali, na naamini ofisi za mawakili hazijapewa nafasi yake katika simulizi ya uhuru wetu. Waliohutubia mikutano tunawakumbuka kwa majina. Waliochukua malalamiko ya kijiji wakayapanga kwa tarehe, kwa ramani na kwa vifungu vya sheria, hadi yakawa hoja isiyoweza kutupwa kapuni, tunawapita haraka mno.

Mmoja wao alikuwa Earle Seaton. Alizaliwa Bermuda mwaka 1924, akasoma Chuo Kikuu cha Howard, Marekani, kisha sheria London, halafu akaja Tanganyika na kufanya uwakili Moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifika Moshi wakili mwingine kutoka upande huohuo wa Atlantiki, Dudley Thompson. Huyu alizaliwa Panama, akalelewa Jamaika, akatumikia jeshi la anga la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, kisha akasoma Oxford. Wote wawili walikuwa watu weusi waliokulia chini ya himaya ya Waingereza, na wote waliijua sheria ya Waingereza kutoka ndani.

Shauri lililomtangaza Seaton lilitoka upande wa pili, Mlima Meru. Mwaka 1947 Jaji Mark Wilson alitoa ripoti kuhusu ardhi ya Arusha na Moshi, akapendekeza mashamba yapangwe upya ili walowezi wa Kizungu wapate eneo moja lisilokatwa na ardhi ya Waafrika. Engare Nanyuki ikaangukia ndani ya mpango huo. Wameru walikuwa wakiishi pale, wana nyumba, mashamba na ng'ombe. Serikali iliwataka wahamie Kingori, bondeni kwenye joto na malaria, na ikawaahidi fidia. Walikataa kuhama, wakakataa na fedha. Novemba 1951 askari waliingia, nyumba zikachomwa moto, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa kwa nguvu.

Kufungua kesi katika mahakama za Tanganyika kungekuwa kuishtaki serikali mbele ya majaji wake, kwa sheria iliyotungwa nayo. Kulikuwa na njia nyingine. Tangu 1946 Tanganyika ilikuwa eneo la udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Ibara ya 87 ya Mkataba wa umoja huo iliruhusu kupokea maombi ya wenyeji wa maeneo hayo. Uingereza, kwa sahihi yake yenyewe, ilikuwa imekubali kuhojiwa. Wameru wakaandika kwa Umoja wa Mataifa, na Seaton akalibeba shauri hilo kama wakili wao.

Mwaka 1952 Seaton na Kirilo Japhet, aliyechaguliwa na Wameru kuwa msemaji wao, walifika New York. Kirilo akawa Mtanganyika wa kwanza kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kwenda huko kwa niaba ya chama cha TANU. Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa ilipitisha azimio la kuwaunga mkono Wameru. Lilipopelekwa Baraza Kuu likakosa theluthi mbili ya kura, likaanguka. Kisheria walishindwa. Lakini serikali ya kikoloni ilikuwa imelazimika kujieleza mbele ya dunia kwa sababu ya wakulima wa Engare Nanyuki, na habari hiyo ilienea Tanganyika nzima. TANU ilipoanzishwa Julai 1954, watu walikwisha kujua kwamba dola ile inaweza kuulizwa maswali.

Oktoba 1952, shauri la Wameru likiwa bado New York, Jomo Kenyatta alikamatwa Kenya. Thompson alikuwa akimfahamu tangu Uingereza. Alitoka Moshi akavuka mpaka kwenda kusaidia utetezi, akawa mmoja wa waliowezesha kupatikana kwa jopo la mawakili wa mataifa mbalimbali lililoongozwa na D. N. Pritt: H. O. Davies kutoka Nijeria, Chaman Lall kutoka India, na wa Kenya wakiwemo Achhroo Kapila na Fitz de Souza. Kesi ilipelekwa Kapenguria, mahali pasipokuwa hata na simu, na mawakili wakalazimika kulala Kitale. Aprili 1953 Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba.

Thompson alirudi Jamaika, ambako baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje. Seaton alibaki. Baada ya Tanganyika kupata uhuru alikuwa jaji, tena mshauri wa serikali katika sheria za kimataifa, kisha akawa Jaji Mkuu wa Shelisheli. Mwaka 1967 kilichapishwa Nairobi kitabu juu ya kesi ya ardhi ya Wameru. Kina waandishi wawili, mteja na wakili wake, na jina la Kirilo Japhet limetangulia.