Pul ya Garissa imekuwa rangi ya uji? Cheki alkalini kabla umwage klorini ingine

Ni Eid, jua la Garissa linachoma hadi soli ya ndala, na watoto wa mtaa mzima wako ndani ya kidimbwi. Maji yana rangi ya uji mwepesi. Mwenye pul anamwaga klorini ingine na bado mambo ni yale yale. Buda, huenda shida si klorini. Pima alkalini kwanza.

Rada ni hivi. Alkalini, hasa ile bikaboneti iliyo kwa maji, ni kama shoki za Probox kwa barabara mbovu: inazuia pH isirukeruke. Ikiwa kidogo, kila kitu kidogo kinarusha pH. Ikizidi, pH inapanda pole pole, unaishusha leo, kesho imerudi. Lenga alkalini ya 80 hadi 120 ppm (ppm moja ni miligramu moja kwa lita) na pH ya 7.2 hadi 7.8.

Noma iko hapa: pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini yako iko kwa ile hali kali inayoua vijidudu. Ikifika 8, ni kama robo tu. Umelipia ndoo nzima, inafanya kazi robo. Na mtoto akimeza hayo maji, tumbo litakuambia.

Garissa tuko na hii shida kuliko Nairobi ju ya maji yenyewe. Visima vingi mbali na mto Tana ni vya chumvi chumvi. Hata ile hazina kubwa ya maji ya chini inaitwa Merti, katikati ndio maji ni matamu, ukienda pembeni yanaharibika. Cheki ule ukoko mweupe ndani ya sufuria ya chai, utaelewa. Halafu jua linakausha pul, madini yanabaki, unaita boza lijaze, unaongeza mengine. Kila wiki hivyo.

Sasa kushusha. Piga hesabu: urefu mara upana mara kina cha wastani, mara 1,000, hizo ni lita. Pul ya mita 8 kwa 5, kina 1.25, ni lita 50,000. Hapo lita moja ya asidi ya hidrokloriki ya asilimia 32 inashusha alkalini kama ppm 10. (Mimi college niliacha, lakini hii hesabu nimeirudia mara tatu.) Ukiwa 180 na unataka 120, ni kama lita sita, lakini usimwage zote siku moja. Anza na moja, pampu ikizunguka, ngoja masaa kadhaa, pima tena. Hakuna mtu kuingia.

Asidi inaingia kwa ndoo ya maji. Maji hayaingii kwa asidi, yatakurukia usoni. Vaa glavu na miwani, na usimame upepo ukitoka nyuma yako.

pH nayo itashuka pamoja na alkalini. Ikikaribia 7.0, wacha asidi, usikimbilie magadi ya kuoka, hayo yatarudisha alkalini yote uliyoipigania. Rusha maji hewani tu: elekeza bomba la pampu juu, weka chemchemi. Kaboni dioksidi inatoka, pH inapanda, alkalini inabaki chini. Rudia hadi ufike. Ukibahatika na mvua ya Gu au Deyr, ingiza maji ya paa, hayana madini mengi.

Jakuzi ni kadogo, lita 1,500 hivi, kwa hivyo usitumie kipimo cha pul. Mililita 30 za asidi hiyo hiyo, au gramu 40 hivi za sodiamu baisalfeti ya unga, zinashusha ppm 10. Zile jeti zinapandisha pH zenyewe, so pima kabla kila mara ya kuingia.

Kopo la asidi na ndoo ya klorini visikae stoo moja. Vikichanganyika vinatoa gesi inayoua, na stoo za huku, kwa hili joto, hazina hata dirisha.