Herufi ya Kadi ya Harusi

Wengi Madaba wamewahi kuishika mkononi bila kujua jina lake. Ni ile herufi ya kadi ya harusi ambayo upande mmoja ni mnene mno na upande wa pili ni mwembamba kama unywele, na ncha zake zimekatwa kwa kistari kilichonyooka. Ina heshima zake, lakini ina deko.

Asili yake ni Ulaya ya karne ya 18. Mwaka 1757 John Baskerville wa Birmingham alichapa mashairi ya Virgil kwa karatasi laini na wino uliokolea, na mistari myembamba ikapata mahali pa kukaa. Firmin Didot akaikondesha zaidi mjini Paris mwaka 1784. Giambattista Bodoni, mpiga chapa wa mtawala wa Parma, ndiye aliyeifikisha kileleni. Kitabu chake kikubwa cha vielelezo vya herufi kilitolewa mwaka 1818 na mjane wake, Margherita, miaka 5 baada ya yeye kufariki.

Afrika Mashariki herufi hii iliingia kwa mlango wa misheni. Wamisionari Waingereza, Askofu Tozer na Edward Steere, walitua Zanzibar mwaka 1864, na katika mtambo wa misheni yao vijana waliokombolewa utumwani walijifunza kupanga herufi za risasi. Wakati huo vitabu vya Uingereza kwa kawaida vilichapwa kwa herufi za ukoo huo wa Didot na Bodoni. Wajerumani walipotawala bara, vitabu vyao wenyewe walivichapa kwa Fraktur, maandishi yale ya pembepembe, ila desturi yao ilitaka maneno ya lugha za kigeni yapangwe kwa herufi za Kirumi. Kiswahili kikaponea hapo.

Bodoni, Mwitaliano, hakuzihitaji sana k na w, kwa kuwa Kiitaliano hakizitumii. Kiswahili hakipumui bila hizo! Panga maneno “kwa wakwe wake” kwa herufi hii uone jinsi unene na wembamba unavyopishana kwa mshazari. Ikiwa kubwa, inapendeza kweli. Ikiwa ndogo, macho yanayumba.

Udogo huo ndio unaosumbua kwenye vitabu, na vitabu vilichapwa hata jirani. Ukishuka barabara ya Makambako kutoka Madaba hadi Songea, kisha ukaelekea magharibi kilomita zipatazo 24, unafika Peramiho. Wabenediktini walianzisha misheni hapo mwaka 1898, ikachomwa wakati wa vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya, na baadaye ikapata kiwanda cha uchapaji. Kitabu cha sala kilichosomwa kwa mwanga wa koroboi kilihitaji herufi yenye mwili. Kwenye karatasi ya bei nafuu wino husambaa au hukosa kushika, na vile vistari vyembamba ndivyo hupotea kwanza.

Kwa hiyo wenye steshenari wanaotengeneza kadi, majina ya bwana na bibi harusi yapangeni kwa Bodoni, makubwa, yenye nafasi. Tarehe, ukumbi na namba za kutuma michango zipeni herufi nyingine, iliyoshiba, ili hata babu azisome bila kuazima miwani.