Hesabu ya Wagonjwa wa Akili katika Mathari

Ugonjwa wa mwili aghalabu huacha alama ambayo daktari aweza kuigusa au kuipima. Homa hupanda, vijidudu huonekana katika damu, mfupa uliovunjika hutokea katika picha. Maradhi ya akili, kwa sehemu kubwa, hayatoi ushahidi wa namna hiyo. Hutambuliwa kwa maneno ya mgonjwa na mwenendo wake, na kwa masikio ya yule amsikilizaye. Historia ya kuyatambua, basi, ni historia ya wasikilizaji pia. Na katika Afrika ya Mashariki jambo hilo laonekana waziwazi katika hospitali ya Mathari, Nairobi.

Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1910, mahali palipokuwa pametengewa wagonjwa wa ndui, ikaitwa nyumba ya wendawazimu. Jina la Mathari lilikuja mwaka wa 1924. Mwaka wa 1938 ilikabidhiwa kwa J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyesomea udaktari London. Wakati huo hakuwa amefundishwa maradhi ya akili. Cheti cha elimu hiyo alikipata baadaye. Lakini alikuwa mtu wa bidii na mtunza kumbukumbu mzuri, na bidii hiyo ndiyo iliyolipa kosa lake uzito. Daftari la Waafrika 558 walioingizwa Mathari tangu 1939 hata 1943 lilimpa hesabu ya kustaajabisha: kwa mwaka mmoja, watu 3.4 tu katika kila 100,000. Kwa Uingereza kiasi hicho kilikuwa kikubwa mara nyingi. Tena, katika wale wachache, wenye ugonjwa wa huzuni walikuwa haba mno.

Kujumlisha kwake hakukuwa na ila. Ila ilikuwa katika kile alichodhani amekijumlisha. Aghalabu mtu hakufika Mathari kwa hiari yake. Aliletwa kwa nguvu ya sheria, baada ya kupiga watu, kuchoma nyumba au kuzurura mjini hana nguo. Aliletwa kwa kuwa amani ya wengine imevunjika. Mwanamke aliyeketi jikoni pake siku nenda siku rudi, hali, halali, atamani kufa, hakumsumbua askari yeyote. Jamaa zake walimpeleka kwa mganga, au walimstahimili. Jina lake halikuandikwa popote, na asiyeandikwa akahesabiwa kuwa mzima.

Carothers hakutafuta sababu ya uhaba huo mlangoni pa hospitali, akaitafuta katika maumbile na malezi ya watu. Mwafrika, alieleza, huishi ndani ya desturi zinazomwamulia kila jambo. Hana mzigo wa dhamana yake mwenyewe, kwa hiyo hajilaumu, na asiyejilaumu haugui huzuni. Mwaka wa 1951 alikwenda mbali zaidi, akamfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na daftari la hospitali moja likasomwa kama habari ya bara zima.

Neno hilo halikubaki vitabuni. Mwaka wa 1954 serikali ya Kenya ilimwita aeleze saikolojia ya Mau Mau. Watu waliokuwa wakidai ardhi na uhuru walielezwa kama watu waliovurugika nafsi kati ya mila iliyovunjika na maisha mapya wasiyoyaweza, na mwandishi akaunga mkono kukusanywa kwao vijijini. Dai likiisha kuitwa dalili, nani atajisumbua kulijibu?

Majibu yalitoka Afrika ya Magharibi. Margaret Field, aliyeyajua maisha ya Ghana kabla ya kuwa daktari wa akili, alikwenda kukaa penye mizimu ambako watu hupeleka shida zao. Kitabu chake cha 1960 chaeleza wanawake waliokuja kukiri kwamba wao ni wachawi, kwamba wameua watoto wao, kwamba hawafai kuishi. Hao ndio wenye huzuni waliokosekana Mathari, nao walijilaumu kuliko wote. Mwaka wa 1963 Thomas Adeoye Lambo wa Abeokuta, pamoja na wenzake wa Marekani, walitangaza uchunguzi wao kati ya Wayoruba. Lugha ya Kiyoruba haikuwa na neno moja la ugonjwa huo. Lakini walipoulizwa juu ya usingizi, hamu ya chakula, kilio na kuchoka na maisha, watu walijibu bila shida, na dalili hizo zilikuwa nyingi. Karibu zaidi na kwetu, Orley na Wing walionyesha mwaka wa 1979 kwamba katika vijiji viwili vya Uganda huzuni ilizidi ile ya wanawake wa sehemu moja ya London waliopimwa kwa njia ileile.

Kwa hiyo kazi ikawa ya maneno. Mswahili husema fulani ana mawazo, na kila asikiaye ajua kwamba habari si njema. Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Katika Harare ya miaka ya 1990, Vikram Patel na wenzake walikusanya maneno kama hayo kutoka vinywani mwa wagonjwa, wakayafanya maswali 14, yaliyotangazwa mwaka wa 1997. Tangu mwaka wa 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare, wengi wao wakiwa na elimu ndogo ya shule, kuyatumia maswali hayo. Bibi huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, akamwuliza kama juma hili amekuwa akifikiri mno, kisha akanyamaza amsikilize.