HISTORIA: Kifaa kinachopima oksijeni kwenye kidole, na ngozi nyeusi iliyosahauliwa

Mtu yeyote aliyempeleka mtoto mwenye kikohozi kikali kwenye kituo cha afya hapa Kivu, huenda amekwisha kukiona kifaa hiki. Ni kidogo kama kibanio cha nguo. Muuguzi anakibana kwenye kidole cha mgonjwa, taa nyekundu inawaka ndani, na baada ya sekunde chache namba mbili zinatokea: moja ya mapigo ya moyo, nyingine ya oksijeni iliyo katika damu. Waganga wanakiita saturometa. Tangu mwaka wa 2020, ugonjwa wa Corona ulipoingia inchini mwetu, hata watu wasio waganga walianza kukizungumzia.

Namba ile ina uzito. Ikiwa 97, mara nyingi mgonjwa anaweza kurudi nyumbani na dawa zake. Ikiwa 88, anatafutiwa oksijeni haraka, na wote tunajua kwamba oksijeni haipatikani kila mahali. Ndiyo sababu inafaa wakaaji wajue kifaa hiki kilitoka wapi, na kilijaribiwa kwa nani kabla ya kufika kwetu.

Zamani, mganga aliyetaka kujua kama mgonjwa anakosa oksijeni alikuwa na njia mbili: kuangalia kama midomo na kucha vimegeuka rangi ya bluu, ao kuchoma sindano kwenye mshipa unaotoa damu moyoni na kupeleka damu hiyo kwenye labo. Njia ya kwanza inachelewa kuonyesha hatari, tena kwenye ngozi nyeusi inaonyesha vibaya. Njia ya pili inauma na inachukua muda.

Wataalamu walikuwa wanajua kwamba damu yenye oksijeni nyingi ni nyekundu yenye kung'aa, na ile iliyopungukiwa inakuwa nyeusi-nyeusi. Basi wakajiuliza: je, mwanga hauwezi kusoma rangi hiyo kupitia mwili? Mwaka wa 1935, Karl Matthes, kule Leipzig, Ujerumani, alitengeneza kifaa cha kuweka kwenye sikio, chenye kutumia mwanga wa aina mbili. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Mmarekani Glenn Millikan alitengeneza kingine kwa ajili ya marubani, kwa kuwa walikuwa wanazimia angani. Lakini vifaa hivyo vilikuwa na shida: mwanga unapopita sikioni hauguswi na damu peke yake. Unaguswa pia na ngozi, nyama na damu iliyosimama. Kutenganisha hivyo vyote ilikuwa kazi ngumu.

Jibu lilitoka Japani, na lilipatikana wakati mtu anatafuta jambo lingine. Injinia Takuo Aoyagi, mzaliwa wa Niigata, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Nihon Kohden mjini Tokyo. Alitaka kupima kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma. Alitumia rangi iliyoingizwa kwenye mshipa, huku mwanga ukifuatilia sikioni jinsi rangi ile inavyopungua. Lakini kila pigo la moyo lilikuwa linatikisa kipimo na kuharibu mstari wake. Akaongeza mwanga wa pili ili kufuta mtikisiko ule. Alifaulu, lakini akagundua kwamba oksijeni ya mtu ikishuka, mtikisiko unarudi.

Mwingine angekasirika. Aoyagi yeye akafikiri. Akaelewa kwamba kitu kinachotikisika pamoja na moyo ni ile damu mpya inayotoka moyoni. Ngozi haitikisiki, mfupa hautikisiki. Basi ukilinganisha mtikisiko wa mwanga mwekundu na ule wa mwanga usioonekana kwa macho, unapata kiwango cha oksijeni. Kile kilichokuwa kinamsumbua ndicho kilikuwa jibu. Mwaka wa 1974 alieleza uvumbuzi wake mbele ya wataalamu wenzake wa Japani. Kampuni yake haikuuendeleza sana. Ni kampuni za Marekani, kama Biox na Nellcor, zilizoueneza katika vyumba vya upasuaji miaka ya 1980. Mwaka wa 2008, Shirika la Afya Duniani liliweka kifaa hiki kwenye orodha yake ya mambo ya kuhakikisha kabla ya upasuaji. Aoyagi alifariki Aprili 2020, akiwa na miaka 84, wakati dunia nzima ilikuwa inakitafuta kifaa chake.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu. Kwa kuwa ngozi haitikisiki, wengi waliamini kwamba rangi ya ngozi haina neno. Lakini mwanga peke yake hautoi namba 97 ao 88. Ili kupata namba, kampuni huwapa watu wenye afya njema hewa yenye oksijeni kidogo, wanatoa damu yao, kisha wanalinganisha damu ile na mwanga uliopimwa kidoleni. Watu hao waliojitolea walikuwa, kwa sehemu kubwa, wenye ngozi nyeupe. Na ngozi nyeusi inameza sehemu ya mwanga.

Onyo lilitolewa mapema. Mwaka wa 1990, waganga Amal Jubran na Martin Tobin, huko Marekani, walionyesha kwamba kwa wagonjwa weupe waliosaidiwa na mashini kupumua, namba 92 ilitosha kuwahakikishia usalama, lakini kwa weusi ilihitajika 95. Miaka 30 ikapita. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichunguza wagonjwa ambao kifaa kilionyesha kati ya 92 na 96. Damu ilipopimwa kwenye labo, karibu 12 kati ya weusi 100 walikuwa kweli chini ya 88. Kwa weupe ilikuwa karibu 4 tu. Maana yake, kifaa kilikuwa kinasema "huyu ni mzima" juu ya mtu anayekosa hewa.

Kanuni ya Marekani ya mwaka wa 2013 ilitaka kifaa kijaribiwe kwa watu 10 ao zaidi, na kati yao weusi wawili tu ao asilimia 15. Januari 2025, pendekezo jipya lilitolewa kule, linalotaka watu wengi zaidi na wa rangi mbalimbali. Hilo ni jambo jema, lakini vifaa vya zamani bado viko kwenye mifuko ya wauguzi.

Ndugu wasomaji, hatusemi kifaa hiki kitupwe. Kimeokoa watu wengi na kitaendelea kuwaokoa. Tunasema kisipewe neno la mwisho. Mtoto anayepumua mbio, ambaye mbavu zinaingia ndani na ambaye amekataa kunyonya, ni mgonjwa sana hata kama namba ni 94. Kucha ziwe bila rangi, na mikono ipashwe moto kabla ya kupima. Tukumbuke pia kwamba mtu aliyepungukiwa damu kwa sababu ya malaria anaweza kuonyesha namba nzuri, kwa kuwa kifaa hakihesabu wingi wa damu.

Nao wanaotununulia vifaa, wawe wa serikali ao wa mashirika, wanapofungua makarato mapya wauweke mezani ulizo mmoja: kifaa hiki kilijaribiwa kwa ngozi ya nani? Sisi ndio tunaoweka kidole humo.