Aflatoksini: Sumu ya mahindi inayoua ini ghafla au polepole

MNAMO 2004, maradhi ya ghafla ya ini yalizikumba familia nyingi katika wilaya za Makueni, Kitui na maeneo jirani. Kufikia Julai mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua na 125 kati yao kufariki. Kiini cha maafa hayo kilikuwa chakula cha kila siku: mahindi yaliyokuwa na sumu ya aflatoksini.

Sumu hiyo hutolewa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, ambayo husitawi katika nafaka isiyokauka vyema. Uchunguzi ulibainisha kuwa wengi wa waathiriwa walikuwa wamehifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba. Zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi ya sokoni zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, sehemu 20 kwa kila sehemu bilioni moja. Hivi sasa kiwango hicho ni 10.

Mtu anapokula sumu nyingi kwa muda mfupi, chembechembe za ini hufa. Hutapika, tumbo huvimba na macho hugeuka manjano. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Madaktari humsaidia mgonjwa huku wakitaraji ini litapona.

Anayekula kiasi kidogo kwa miaka mingi hukabiliwa na hatari nyingine. Ini linapojaribu kuivunja aflatoksini, hugeuka kuwa kali zaidi na kuharibu chembe za urithi, jambo linaloweza kuzusha saratani. Hatari huongezeka maradufu kwa aliyeambukizwa virusi vya hepataitisi B. Saratani hiyo hukua kimyakimya, na aghalabu hugunduliwa ikiwa imechelewa kutibiwa.

Kupika hakuangamizi sumu hii, wala haionekani kwa macho. Punje zisizo na ukungu pia zaweza kuwa nayo. Kinga ni kukausha mahindi juu ya turubai, wala si kwenye udongo, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kisha kuyahifadhi ghalani penye hewa. Watoto nao wapewe chanjo ya hepataitisi B wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14.

Mahindi yaliyoota ukungu yatupwe, hata wakati wa njaa. Mwaka wa 1981, sumu iyo hiyo iliua watu 12 Machakos. Miaka 23 baadaye, ilirudi katika eneo lilo hilo.